Pima Kwanza, Ndipo Uache Chapati: Mwongozo Kamili wa Ugonjwa wa Seliaki kwa Sisi wa Kigoma

Kama umeanza kushuku kwamba ngano ndiyo inayokuumiza tumbo, wewe au mwanao, naomba jambo moja kabla ya mengine yote: usiiache leo. Endelea na chapati yako ya asubuhi mpaka siku damu itakapotolewa kwa ajili ya kipimo. Najua hili ni gumu kulisikia. Mtu anahara, amekonda, halafu unamwambia aendelee kula kile kinachomuumiza. Lakini kipimo cha ugonjwa huu hakitafuti ngano tumboni. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitengeneza ngano inapopita. Ukiacha ngano, kingamwili zinashuka taratibu, utumbo unaanza kupona, na majibu yanasema mtu hana kitu wakati anacho.

Mimi nililijua hili nikiwa nimeshachelewa. Tunakaa Mwanga, hapa Kigoma mjini, na binti yangu alikuwa na miaka minane. Jirani mmoja aliniambia nimkatie maandazi na chapati nione. Nikafanya. Wiki ya tatu tumbo lilitulia, mtoto akaanza kucheza rede na wenzake mpaka magharibi, nikamshukuru Mungu. Miezi miwili baadaye nikampeleka kupima, nipate karatasi ya kumwonyesha mwalimu wake. Majibu yakarudi safi. Daktari akaniuliza swali moja: "Mama, mtoto anakula ngano?" Nikamjibu kwa fahari kwamba hajaigusa tangu mwezi wa tatu. Akaweka kalamu mezani.

Ikabidi tumrudishie ngano kila siku kwa wiki nane, na mpishi nilikuwa mimi. Kila asubuhi alikuwa ananitazama, analitazama andazi, kisha analila kidogo kidogo huku machozi yanamtoka bila sauti, maana alishaelewa litamfanya nini ikifika saa sita mchana. Sitaki mama mwingine apitie asubuhi zile. Ndiyo sababu nimeziandika hatua hizi kwa mpangilio, na nakusihi usiuruke.

Ugonjwa wenyewe ni upi

Gluteni ni protini iliyomo ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Unga wa muhogo ukandwe vipi, hauvutiki hivyo, kwa kuwa gluteni haimo.

Ukuta wa utumbo mwembamba kwa ndani umeota vijinyuzi vidogo sana, mfano wa manyoya ya zulia. Hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Kwa mwenye seliaki, gluteni ikifika pale, askari wa mwili wanageuka na kuupiga utumbo wenyewe. Manyoya yanalala, yanasagika, zulia linabaki kipara. Mtu anakula sahani imejaa na bado anakonda, damu inapungua, mifupa inadhoofika. Kwa hiyo si mzio kama ule wa mtu anayevimba midomo akila kamba au karanga, wala si tumbo kukataa chakula kwa siku moja. Ni ugonjwa wa maisha, na hadi leo tiba yake ni chakula: kuacha gluteni kabisa.

Aliyeonyesha kwamba ngano ndiyo chanzo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa na shaka hiyo tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kubwa ya vita, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ukaadimika nchini kwao. Watoto wengi walidhoofu, lakini wale wenye seliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka binti yangu na ule mwezi wa tatu.

Ugonjwa unapita katika ukoo. Karibu wagonjwa wote wana vinasaba viitwavyo HLA-DQ2 au HLA-DQ8, ingawa watu wengi wanavyo na hawaugui maisha yao yote. Ulaya unakadiriwa kumpata mtu mmoja katika mia. Kwetu ni nadra kumkuta mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba anao, na chakula chetu cha asili hakikuwa ngano. Ila tazama watoto wetu wanakula nini siku hizi: andazi asubuhi, biskuti mapumziko, chapati jioni, tambi siku ya sikukuu.

Hatua ya kwanza: andika dalili kwenye daftari

Chukua daftari la shule, wiki mbili, kila siku. Andika alichokula, saa ngapi, choo kilikuwaje, tumbo lilijaa au la. Daktari wa zamu ana wagonjwa arobaini nje ya mlango. Ukimwambia "mtoto tumbo linamsumbua" atakuandikia dawa ya minyoo na kukuita mwingine. Ukimfungulia daftari, atakaa nawe.

Dalili ambazo watu wanazijua ni kuhara kwa muda mrefu, tumbo kujaa gesi, choo chenye harufu kali kinachoelea juu ya maji, na kukonda. Zipo zinazojificha, na hizo ndizo zinazopoteza miaka ya watu: upungufu wa damu unaorudi kila ukimaliza vidonge vya madini chuma, mtoto kudumaa au kuchelewa kuvunja ungo, vidonda vya mdomoni visivyoisha, ganzi ya mikono na miguu, mimba kuharibika mara kwa mara bila sababu kuonekana. Wengine hawahari kabisa, wanafunga choo. Wengine wanatokwa na upele wa malengelenge unaowasha mno kwenye viwiko, magoti na makalio. Huo ni uso mwingine wa ugonjwa huuhuu, na unathibitishwa kwa kuchukua kinyama cha ngozi iliyo kando ya upele.

Hatua ya pili: maliza kwanza magonjwa ya huku kwetu

Hapa nawaomba wasomaji wanaopata habari za seliaki kwenye simu wanisikilize vizuri. Makala nyingi zimeandikiwa watu wa Ulaya na Marekani. Wao wakihara mwezi mzima, ngano inafikiriwa mapema. Sisi tunakaa kando ya Ziwa Tanganyika. Mtoto anayeoga Kibirizi au Ujiji anaweza kuwa na kichocho cha tumbo. Anayekunywa maji ya kisima kisichofunikwa anaweza kuwa na vimelea kama amiba au jiadia, na jiadia ina tabia ya kufanana na seliaki kabisa: gesi, choo cha mafuta, kukonda. Safura inanyonya damu kimyakimya. Malaria na selimundu zinapunguza damu. Kifua kikuu kinaweza kukaa tumboni. VVU navyo vinaleta kuhara kusikokoma.

Kwa hiyo orodha ya mwanzo, ambayo kituo cha afya au hospitali ya wilaya inaweza kuianza, ni hii: choo kwa darubini, na si mara moja, kirudiwe siku tofauti kwa sababu vimelea havitoki kila siku, wingi wa damu, malaria, VVU, na kifua kikuu kama kuna homa za jioni, kutokwa jasho usiku au mtu wa nyumbani anayekohoa. Kikipatikana kitu, kitibiwe mpaka mwisho wa dozi. Mtu akipona, umeokoa nauli na hofu. Asipopona, hapo ndipo seliaki inapostahili kutafutwa, na daktari hatakuona kama mtu aliyetishwa na intaneti.

Na kuna dalili zinazotaka hospitali leo hii bila kusubiri daftari: damu kwenye choo, mtoto kushindwa kunywa, macho kudidimia, miguu kuvimba maji, homa kali.

Wakati huo wote ngano inaliwa kama kawaida.

Hatua ya tatu: kipimo cha damu

Jina la kipimo ni tTG-IgA. Liandike kwenye daftari herufi kwa herufi, kwa sababu maabara nyingi hazikipimi kila siku na jina likikosewa mnaweza kuletewa kitu kingine. Pamoja nacho omba wapime kiasi cha IgA yote (IgA ni aina mojawapo ya kingamwili) iliyomo mwilini. Sababu yake ni hii: wapo watu waliozaliwa na upungufu wa IgA, na miongoni mwa wenye seliaki ni kama wawili au watatu katika kila mia. Kwa mtu wa namna hiyo tTG-IgA itasoma chini hata kama utumbo umeshaharibika, na itabidi atumie vipimo vya IgG, aina nyingine ya kingamwili. Ukipima kimoja bila kingine unaweza kurudi nyumbani na faraja ya uongo.

Anzia kwa daktari wa hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa Kigoma ni Maweni, kwa wenzetu wa Tabora ni Kitete. Kabla hujapanda gari kutoka Kakonko au Uvinza, piga simu au mtume ndugu aliye mjini akuulizie mambo matatu: kipimo kinafanyika hapo au damu inasafirishwa? Majibu huchukua siku ngapi? Bima inalipia au ni fedha taslimu? Damu kusafirishwa si jambo la ajabu. Maabara inatenganisha yale maji ya damu, inayahifadhi kwenye baridi na kuyapeleka maabara kubwa. Mara nyingi ni nafuu kuisafirisha chupa kuliko kumsafirisha mgonjwa na mama yake.

Kwa kipimo hiki huhitaji kufunga. Unachohitaji ni kuwa umekula ngano kwa angalau wiki 6 mfululizo, katika zaidi ya mlo mmoja kila siku. Chapati moja asubuhi na vipande viwili vya mkate jioni vinatosha. Kama ulishaacha na kurudi kunakutisha kwa sababu unaumia sana, mwambie daktari. Kipo kipimo cha vile vinasaba vya DQ2 na DQ8 ambacho hakijali unakula nini. Hakiwezi kusema unaumwa, lakini usipokuwa na hata kimoja kati ya hivyo viwili, seliaki inaweza kuwekwa kando kwa uhakika mkubwa. Si kipimo cha kila maabara na bei yake iko juu, kwa hiyo ni njia ya wenye sababu maalumu.

Hatua ya nne: kumeza mpira na kuchukua kinyama

Damu ikionyesha kingamwili ziko juu, mtu mzima anapelekwa kwenye endoskopi, yaani kumezeshwa mpira wenye kamera. Hii inataka daktari bingwa, na kwa wengi wetu maana yake ni safari. Bugando kule Mwanza ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, Muhimbili ni ya taifa. Basi la Mwanza linapita Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi na Geita, na treni inakufikisha Tabora ambako njia ya Mwanza inachepuka. Omba barua ya rufaa kabla ya kuondoka, na beba majibu yote ya nyuma, hata yale ya choo.

Kuhusu mpira wenyewe niseme ukweli, maana watu wanauogopa kuliko kisu. Unafunga kula tangu usiku. Unapuliziwa dawa ya ganzi kooni au unachomwa sindano ya usingizi mwepesi. Watoto hulazwa usingizi. Unalala ubavu wa kushoto, unang'ata kijiti cha plastiki chenye tundu, na mpira mwembamba wenye kamera unashuka mpaka mwanzo wa utumbo mwembamba. Unahisi kutaka kutapika, machozi yanatoka. Kunyofolewa kile kinyama hukuhisi. Kazi nzima haimalizi nusu saa. Muulize daktari kwa adabu kama atachukua vinyama visivyopungua vinne, na kimoja au viwili vya ziada kutoka pale utumbo unapoanzia, kwa sababu ugonjwa huharibu kwa mabakamabaka na kinyama kimoja kinaweza kuangukia mahali pazima.

Kwa watoto kuna njia fupi inayokubalika katika miongozo ya kitabibu ya Ulaya: kama tTG-IgA imezidi mara kumi ya kiwango cha juu cha kawaida, na damu ya mara ya pili ikathibitisha kwa kipimo kingine kiitwacho EMA, daktari bingwa anaweza kuamua bila mpira. Uamuzi huo ni wake, si wetu wazazi.

Ngano inaachwa siku daktari atakaposema vipimo vimekwisha. Si siku ya kurudi kwenye basi, wala si wakati mnasubiri tarehe ya mpira.

Hatua ya tano: jiko

Binti yangu alipothibitishwa, mama mkwe alishika kichwa: "Sasa huyu mtoto atakula nini?" Nilimwambia, "Mama, atakula ulichomlea nacho mwanao." Ndivyo ilivyo. Ugali wa muhogo, ugali wa mahindi, wali, ndizi, viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha, maharage ya Kasulu, mlenda, kisamvu, dagaa, migebuka, kuhe, nyama, mayai, karanga, mawese: vyote havina gluteni. Mtama, uwele na ulezi navyo ni salama. Watu wa Tabora wana michembe na matobolwa, wana mchele wa Igunga na Nzega, wana asali. Mgonjwa wa seliaki wa Ulaya hutafuta mkate wa pakiti wa bei ya kutisha. Huku kwetu sokoni Kigoma, karibu kila meza ina chakula chake.

Vya kuacha: chapati, maandazi, mkate, kalimati, sambusa, hafkeki, biskuti, tambi, unga wa ata, simolina, na bia za kawaida kwa sababu ya kimea cha shayiri. Jihadhari na neno lenyewe shayiri; kwa Kiswahili watu hulitumia kwa nafaka mbili, ile ya bia na ile ya uji wa pakiti ambayo wengine wanaiita oti. Oti yenyewe wagonjwa wengi wanaivumilia, lakini ya dukani mara nyingi imechanganyika na ngano mashambani na viwandani, kwa hiyo mwaka wa kwanza iache.

Kimea pia kina mawili. Kimea cha ulezi unachotilia togwa ni salama. Kimea kilichomo kwenye vinywaji vya unga vya makopo huwa ni cha shayiri, si salama. Pakiti nyingi zimeandikwa Kiingereza, basi wafundishe hata watoto kuyatambua maneno manne: wheat, barley, rye, malt. Pakiti iliyoandikwa kwamba haina gluteni, kwa viwango vya kimataifa vya Codex, inatakiwa isizidi miligramu 20 kwa kilo.

Vinavyodanganya ni vile vinavyoonekana si vya ngano. Vitumbua ni vya mchele, lakini wapishi wengine wanaongeza ngano kidogo vishikane. Bagia za kunde vilevile. Samaki wa kukaanga wengine hupakwa unga wa ngano asigande kwenye karai. Mchuzi mzito, soseji, mchuzi wa soya wa chupa, katlesi. Na uji wa lishe! Huu nauwekea alama ya mshangao kwa makusudi. Mama anaambiwa mtoto amedhoofu, ampe uji wa lishe. Anachanganya mahindi, mchele, karanga, soya na kibaba cha ngano. Mtoto anazidi kudhoofu. Anaambiwa aongeze uji. Tengeneza wako wewe mwenyewe kwa ulezi, mchele na karanga, ngano isiwemo.

Kiasi kinachoumiza ni kidogo kuliko unavyodhani. Kipande kimoja cha mkate kina kama gramu 2 za gluteni. Wagonjwa wengi huanza kuharibika utumbo wakipata kama miligramu 50 kwa siku kwa muda mrefu, na kiasi kinachohesabiwa kuwa salama kwa wengi hakizidi miligramu 10. Ligawe lile pande la mkate mara mia mbili, chukua punje moja: hicho ndicho kipimo chako cha siku nzima.

Ndiyo maana jiko linataka mipaka. Sufuria za chuma na alumini zikioshwa kwa sabuni na maji ya moto hazina neno. Mwiko wa mbao, kibao cha chapati, chekeche na kinu vinashika unga kwenye nyufa, kwa hiyo mgonjwa awe na vyake. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye mwiko wa binti yangu, hata mgeni akiingia jikoni anauliza kabla ya kuushika. Mafuta yaliyokaangia maandazi hayakaangii mihogo yake. Na unga wa ngano ukichekechwa unaruka hewani na kutua kwenye kila kisichofunikwa. Sisi tuliamua ngano isiingie kabisa nyumbani, tukipenda chapati tunakula nje. Si lazima kila nyumba ifanye hivyo, lakini kwa familia yenye chumba kimoja na jiko la mkaa barazani ndiyo njia rahisi zaidi.

Mashine ya kusaga

Hapa ndipo tulipokwama miezi mitano. Mtoto hali ngano, tumbo linauma. Nilikagua kila kitu mpaka siku moja nikiwa kwenye foleni ya kusaga muhogo nikamwona dada aliyenitangulia akimimina debe la uji wa lishe, na ngano nikaiona kwa macho yangu inashuka na mahindi. Mwenye mashine akagonga gonga mfuko, vumbi jeupe likatoka, akaniambia, "Haya mama, leta wako." Muhogo wangu safi ulikuwa unapita njia ileile.

Tafuta mashine ambayo haisagi lishe wala ngano. Vijijini ni rahisi, nyingi husaga mahindi na muhogo tu. Mjini, zungumza na msagaji, mweleze kwamba ni ugonjwa, na wengi wao wanaelewa ukiwaeleza kwa upole. Omba uwe wa kwanza asubuhi baada ya mashine kufagiliwa. Kilo mbili tatu za mwanzo za unga wako zitoe pembeni ziliwe na wengine nyumbani, za mgonjwa ziwe zile zinazofuata. Njia hiyo inapunguza, haimalizi. Kinachomaliza ni kinu na mchi wa nyumbani, na kwa mtoto mmoja kazi hiyo inawezekana: muhogo mkavu unatwangika vizuri, unachekechwa kwa chekeche lake.

Na ukiutegemea muhogo, uandae kama bibi zetu: uvundikwe siku tatu au zaidi ulainike, umenywe maganda na nyuzi zitolewe, uanikwe ukauke kabisa. Muhogo mchungu uliokatizwa maandalizi una sumu, na mtu mwenye utumbo dhaifu na lishe duni hana nguvu ya kupambana nayo. Zaidi ya hapo muhogo hauna protini ya maana, kwa hiyo ugali wake usikae peke yake mezani. Dagaa wazimawazima na mifupa yao wanaleta madini ya mifupa na protini. Maini, maharage na majani ya kijani yanaleta madini chuma, na ukikamulia ndimu yanafyonzwa zaidi. Chai ya rangi inazuia ufyonzwaji huo, isogeze saa moja au mbili mbali na mlo. Maziwa yasiyoganda yanaweza kumsumbua mgonjwa miezi ya mwanzo kwa sababu utumbo uliochakaa haumeng'enyi sukari yake. Maziwa mgando huvumilika mapema zaidi.

Nje ya nyumba

Shuleni nilipeleka barua ya daktari na kopo lenye jina lake. Mwalimu akinunulia darasa keki, yeye ana karanga na ndizi zake kabatini. Kwenye treni tunabeba viazi vya kuchemsha, mayai na ndizi, na stesheni tunanunua mahindi ya kuchoma.

Kwenye harusi na msiba, pilau na wali havina shida, shida ni kijiko kilichotoka kwenye tambi. Nenda jikoni mapema, salimia wapishi, waeleze, omba upakuliwe kabla sahani hazijaanza kuzunguka. Hakuna shangazi wa Kigoma atakayemnyima mtoto mgonjwa sahani ya kwanza. Atakachokifanya ni kumwonea huruma na kumpa sambusa kwa siri, "kidogo tu haidhuru." Huyo umkalishe, umweleze kwa heshima, umwonyeshe karatasi ya majibu ikibidi.

Ramadhani Ujiji inawezekana vizuri: futari ya muhogo wa nazi, viazi, magimbi, uji wa mchele, tende. Mkate wa kumimina wa mchele unachukua nafasi ya vyote vya ngano, mradi mchele umesagwa nyumbani.

Kwa Wakatoliki, hostia ni ya ngano na hili linawaumiza watu moyoni. Roma ilieleza mwaka 2003 na kurudia mwaka 2017: hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, ila yenye gluteni kidogo sana inakubaliwa, na mwamini anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Ongea na paroko mapema, na kikombe kiwe kile ambacho hakijatumbukizwa kipande cha hostia.

Kufuatilia, na ndugu wa damu

Tumbo hutulia ndani ya wiki chache. Utumbo wenyewe unachukua muda zaidi. Kwa watoto yapata mwaka au miwili, kwa watu wazima inaweza kwenda miaka kadhaa. Rudia tTG-IgA baada ya miezi sita, kisha mwaka, kisha kila mwaka. Ikiwa haishuki, kuna ngano inaingia mahali, na mimi ningeanzia kwenye mashine. Pima pia wingi wa damu, madini chuma, folati, vitamini B12 na tezi ya shingo, na vidonge vya kuongeza damu vimezwe mpaka daktari atakapovisimamisha. Usimwache mgonjwa arudie ngano kwa sababu ananawiri. Anayenawiri ni yule aliyeiacha.

Wazazi, watoto, kaka na dada wa mgonjwa nao wapimwe hata kama hawaumwi popote, maana kwao uwezekano ni kama mmoja katika kumi. Vivyo hivyo mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Kaka yake binti yangu alipimwa mwaka uliofuata. Mwezi na nusu kabla ya siku yenyewe nilimpeleka kwa jirani kila asubuhi na kila jioni, na asubuhi ya kipimo nilisimama mlangoni pa jirani nikimsubiri amalize chapati ya pili.